Kuongeza kimo cha fensi ya paipu kwa farasi: uzoefu wangu

Kwa mwenye haraka: kuchomeka vipande vya paipu juu ya nguzo za zamani ni kazi nzuri, na pesa yake utaiona. Kuongeza paipu nyingine ya mlazo huko juu, hapana. Ukishainua nguzo, pitisha utepe wa umeme, ule wenye nyuzi za chuma unaomshtua farasi akiugusa.

Shamba letu liko upande wa Ngong. Tuna farasi wachache wa kupanda, wote wamehasiwa. Fensi tuliikuta, na ilijengewa ng'ombe: nguzo za inchi mbili, paipu tatu za mlazo, kimo mita 1.2. Ng'ombe wa maziwa hata hafikirii kuvuka kimo hicho. Farasi aliyestaafu mbio ni habari nyingine. Mabegani anafika mita 1.6, kwa hiyo shingo nzima inapita juu, kifua kinaegemea paipu akitafuta nyasi za upande wa pili, na pikipiki ikimshtua anaruka kwa sababu anaona pale panarukika. Kwa farasi wa kawaida, watu wazoefu hutaka fensi ya mita 1.4 hadi 1.5. Kwa dume asiyehasiwa wanapanda hadi 1.8.

Kung'oa kila kitu na kuanza upya hakukuwa kwenye bajeti. Fundi wa kuchomelea tuliyemwita aligonga nguzo kadhaa kwa nyundo, akasikiliza, kisha akasema, "Madam, hizi ziko tupu ndani. Tunaingiza paipu ndogo, hatung'oi kitu." Kama nguzo zako zimejazwa zege, njia hii huna, itabidi ufunge vipande ubavuni kwa bolti za U, na huo ubavu uwe wa nje, mbali na farasi.

Vipimo ndivyo vilivyonifurahisha. Paipu ya inchi moja na nusu ina upana wa nje wa milimita 48. Ndani ya nguzo ya inchi mbili ya unene wa kati, ile yenye mstari wa buluu, kuna kama milimita 53. Inaingia vizuri lakini inacheza, kwa hiyo alitoboa kila nguzo matundu mawili, akajaza weldi humo, kisha akazungusha weldi kwenye mdomo wa nguzo. Kila kipande kilikuwa na sentimita 75: 40 zimezama ndani, 35 zimebaki juu. Paipu moja ya mita 6 inatoa vipande vinane bila kubakiza cha maana. Na ukienda dukani, beba kipande cha nguzo yako ukajaribishe palepale, maana kuna duka lilitaka kutuuzia paipu nyembamba likiapa kwamba ni ileile.

Kabla ya kuchomelea alikwangua kwa grinda zinki yote inayofunika paipu. Wengi huruka hatua hiyo, na moshi wa zinki huwapa homa jioni yake. Wanakunywa maziwa wakiamini yanasafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, ila moshi uliokwisha kuvutwa hayautoi. Ulikuwa wa kuzuiwa kabla. Sehemu zilizokwanguliwa alizipaka rangi ya kuzuia kutu, na midomo yote ya juu akaifunika kwa vifuniko vya chuma. Usikubali paipu iachwe wazi juu: maji yatasimama humo, na nyigu watahamia.

Upande wa barabarani fundi alishauri aongeze paipu ya mlazo juu kabisa, na tukamruhusu. Upande huo ndio unaonisumbua hadi leo. Farasi hujikuna kwenye kitu chochote kigumu. Anayesukuma kwenye mita 1.55 anaitikisa nguzo kule chini kwa karibu theluthi zaidi ya anayesukuma kwenye 1.2, na nguzo zetu hazikuzikwa kwa mzigo huo. Mbili zimeshaanza kulala. Pande nyingine tulipitisha utepe mweupe wa umeme wa milimita 40, na huko hakuna anayeegemea. Utepe unaonekana kwa mbali hata giza likianza kuingia, na farasi akiuparamia utakatika kabla haujamkata. Seng'enge usiifikirie kabisa, na yenye umeme ndiyo mbaya kupita zote.

Nafasi kati ya mlazo na mlazo pia ina hesabu yake: iwe chini ya sentimita 7.5 ili kwato isipenye, au zaidi ya 30 ili mguu uliopenya utoke. Katikati ya hapo ndipo miguu huvunjika.

Umeme una lawama zake mbili. Kiangazi udongo ukikauka, mshtuko hupungua hadi farasi wanautambua. Tuliongeza vyuma vya athi, vile vinavyozikwa ili umeme urudi kwenye mashine kupitia ardhini, vikawa vitatu, kila kimoja kikizama karibu mita mbili, na paipu za fensi nazo tukaziunganisha na athi. Sasa anayegusa chuma kwa kifua na utepe kwa pua anaupata sawasawa hata ardhi ikiwa kavu. Lawama ya pili ni upepo, na huku kwetu ni ule unaozungusha mitambo ya umeme kule vilimani. Utepe mpana hupiga makofi usiku kucha na kujisaga kwenye vishikizo. Ukaze sana, au nunua mwembamba.

Saisi wetu, mtunza farasi, naye anastahili sifa. Kila jioni baada ya weldi aliburuta sumaku kwenye nyasi kabla ya kurudisha farasi, na ndoo yake haikukosa vipande vya waya na vyuma vya kutosha kutoboa kwato.

Fundi nampa nne kwa tano. Ile moja imebaki getini: aliliinua sawa na fensi lakini akaacha bawaba zilezile, na sasa linakwaruza ardhi kila likifunguliwa. Ameahidi kuja Jumamosi.