Watu waliomtibu mwanangu mwenye mtindio wa ubongo, nani alisaidia na nani alinipotezea muda

Naandikia wazazi wenzangu wa Kampala, Busia, Arua, popote ulipo na una mtoto wa CP, ndo huo mtindio wa ubongo kwa kifupi cha Kiingereza, manake mimi nilihangaika karibu miaka miwili sijui nimuone nani. Mwanangu ana miaka mitano saa hii. Sehemu tulizopita sitataja wala jina la mtu, ntasema tu kila mmoja alifanya nini na kilisaidia ama hakikusaidia.

Alizaliwa amechoka, uchungu ulinikaa siku mbili, hakulia. Miezi saba shingo bado imelegea nikampeleka kliniki moja ya kulipia hapa mjini, daktari akamwangalia dakika mbili akasema wavulana huchelewa, usiwe na wasiwasi, akaniandikia sindano za vitamini eti za kuamsha ubongo. Nikarudi mara sita. Pesa ya kigenge changu iliishia pale. Kumbe hakuna sindano ya kurudisha sehemu ya ubongo iliyoumia, jeraha likishatokea limetokea, haliendelei kukua, kinachobadilika ni mwili, mtoto anarefuka misuli inakaza viungo vinapinda, na ndo maana watu wa mazoezi wanatakiwa mapema sana. Ile miezi inaniuma mpaka leo. Nyota natoa kati ya tano, na hapo sina hata moja ya kutoa.

Daktari wa neva za watoto tulimpata baadaye kupitia hospitali ya serikali. Foleni ndefu, ufike saa kumi na mbili asubuhi, lakini huyo alikaa na sisi. Aliuliza ujauzito, kuzaa, kama mtoto aligeuka manjano siku za kwanza, kama aliwahi kuugua malaria ya kupanda kichwani ama homa ya uti wa mgongo, manake vyote hivyo vinaweza kuleta CP. Ye ndo wa kwanza kuniambia jina la ugonjwa. Nililia pale pale kwenye kiti na hakunikimbiza. Alinambia pia siko peke yangu, utafiti walioufanya wilaya za Iganga na Mayuge ukatoka 2017, aliouongoza Dkt Angelina Kakooza-Mwesige wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulikuta karibu watoto 3 katika kila 1,000 wana CP. Sasa huko mtaani kwetu ni nani anawaona? Wamefungiwa ndani.

Bibi yake mtoto, mama mkwe wangu, ni mtu wa Arua, Kiswahili ndo lugha yake, na alikua anasema yale mambo ya kukakamaa na kupindua macho ni degedege, yatapita. Daktari akanambia, mama, ikija tena mchukue video na simu. Nikachukua. Alivyoiona tu akasema hiki ni kifafa, akaanzisha dawa, ya kwanza ilimlaza mchana kutwa nikarudi akabadilisha, na akatuonya tusije tukaacha dawa ghafla hata kama tumeona amepona. Tangu hapo bibi ndo anashika saa ya dawa kuliko mimi. Daktari huyu nampa nyota nne, ya tano imezuiwa na foleni.

Fizio, yaani mtu wa mazoezi ya viungo, tumepita kwa wawili. Wa kwanza alikua anavuta miguu kwa nguvu, mtoto analia hadi anatapika, anasema ndo inavyotakiwa. Nikaacha kwenda. Mzazi akiona mtoto analia hivo kila wiki amtoe, kwa kweli, mtoto akiogopa misuli inazidi kukaza. Wa pili ni dada mmoja mpole, anaanza kumchezesha kwanza, anamkunja magoti polepole, anangoja mguu uachie wenyewe. Akanionesha kumbeba kiunoni miguu ikiwa mbalimbali badala ya kumshika imebanana, manake ya kwake inapishana kama mkasi. Alafu akachora kiti cha kona, kile chenye mgongo wa pembe unaomshika mtoto pande mbili, kwenye karatasi, vipimo vyote, akasema nenda kwa seremala wako. Seremala wa Bwaise akakitengeneza kwa mbao za mabaki, shs 45,000. Mtoto alikaa akatazama mlangoni, mara ya kwanza akiwaona watu wakipita nje bila mtu kumshika.

Lakini anayestahili nyota zote tano ni okupesheno therapisti, wengine wanasema mtaalamu wa tiba kazi. Mimi hata sikujua huyo mtu yupo. Nilikua namlisha mwanangu amelala mapajani, kichwa kimeenda nyuma, namwagia uji mwepesi ateremshe haraka, anakohoa, kila mwezi kifua, kila mwezi nimonia, nimelazwa naye mara nne. Huyu kijana hakunigombeza. Akasema mama leta chakula chake kesho, nikuone unavyofanya. Nikaleta uji na kijiko. Alitazama mpaka mwisho kimya, kisha akamkalisha wima, nyonga zimeingia nyuma kabisa ya kiti, kidevu kimeshuka kidogo, vidole vyake viwili chini ya taya kimoja juu ya kidevu. Uji akautia unga ukawa mzito. Nusu kijiko. Akakilaza kijiko juu ya ulimi, akakandamiza kidogo, akangoja. Akangoja tena. Nikaona mdomo wa mwanangu unafunga wenyewe juu ya kijiko. Akameza, hakukohoa. Bibi alikua amesimama nyuma yangu akasema subhanallah. Kijana akageuka akamweleza bibi upya kila kitu kwa Kiswahili, pole pole, pamoja na kwamba akishakula asilazwe, akae wima kama nusu saa, kwa sababu alijua mimi nashinda kwenye kigenge na bibi ndo anamlisha mchana. Hilo la kuuliza nani anakaa na mtoto hakuna mwingine aliyeliuliza.

Mwaka mzima sasa hatujalazwa kwa ajili ya kifua.

Daktari wa mifupa tumemwona mara mbili tu, alipiga eksirei ya nyonga, watoto wasiotembea nyonga zao zinaweza kutoka taratibu bila mtu kujua, kwa hiyo omba hiyo picha kama hawajakutajia. Fundi wa viatu vya plastiki vya kushika kisigino kazi yake nzuri ila vilichelewa miezi mitatu, vilipofika mguu umeshakua, vinachubua kwenye kifundo, ikabidi vipashwe moto na kupanuliwa.

Lalamiko langu kubwa ni kwamba hawa watu wote hawaongei. Fizio hajui dawa imebadilishwa, wa neva hajui kuhusu nyonga, mimi ndo nabeba maneno kutoka chumba kimoja hadi kingine na mengine nayasahau. Nimenunua daftari la shs 2,000, kila anayemwona naomba aandike mstari mmoja na tarehe. Wengine wanakataa, nawang'ang'ania.

Usafiri nao, takisi mbili na boda kwenda na kurudi ni elfu 24 kila Jumanne, na mtoto ameanza kuwa mzito mgongoni. Wanaotafuta pa kuanzia ulizieni Katalemwa Cheshire Home kule Mpererwe, ama hospitali ya CoRSU ya Kisubi barabara ya Entebbe kama kuna mambo ya mifupa, ni sehemu zinazojulikana kwa watoto wenye ulemavu. Ulizeni waziwazi kama kuna mtu wa kuwafundisha kulisha, kama yule okupesheno therapisti, mkitamka tu neno mazoezi watawapeleka kwa fizio peke yake. Sisi Jumanne ijayo tunaonana na wa kufundisha kuongea kwa mara ya kwanza, mtoto akitaka maji saa hii anatazama jagi kisha ananitazama mimi, nataka kumuuliza tuanzie hapo ama wapi.