Viatu vya kukodi, mlima Kahuzi, na soli ninazodaiwa

Juzi yule bwana anayekodisha viatu ameviweka tena kwenye status. Picha ni ileile: viatu viwili vya kahawia juu ya kitambaa cheupe, na chini yake maneno, "Viatu vya kupanda mlima, vimetunzwa vizuri, unakodi kwa wikendi." Vimetunzwa vizuri! Nilikuwa napika sombe, nikauacha mwiko ndani ya sufuria nikaketi chini. Nilikwisha kujiapia kwamba jambo hili sitaliandika, maana ni la siku nyingi, la kiangazi kimoja wakati mtu alikuwa bado anatoka Bukavu kwenda Tshivanga, kwenye lango la hifadhi ya Kahuzi-Biega, bila kujiuliza mara mbili. Lakini kama viatu vinarudi sokoni, na mimi narudi.

Jina lake silitaji. Waliokwisha kukodi kwake watamtambua kwa kitambaa.

Tulikuwa saba: mimi na mume wangu, wifi yangu na vijana wake wawili, mdogo wangu wa kiume, na binti yangu wa pekee. Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Jumamosi alfajiri tupande gari, tupite Miti, tufike Tshivanga, tupande mlima, jioni tulale kwa shangazi Miti, Jumapili tusali huko kisha turudi nyumbani na ndizi zetu. Sisi watu wa Bukavu tunaijua Kahuzi-Biega kwa midomo. Shuleni tumekariri kwamba hifadhi iliundwa mwaka 1970, na kwamba UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia mwaka 1980. Tunajua kwamba gorila wake ni wa aina inayopatikana mashariki mwa Kongo tu, na kwamba wageni walikuwa wanavuka bahari kuja kuwatazama. Lakini waulize kumi mtaani kwako ni wangapi wamekanyaga kileleni. Wengi tunaikata hifadhi kwa barabara tu, ndani ya basi la Bunyakiri, tukiwa tumelala.

Mimi nilikuwa na sababu yangu. Marehemu baba alifundisha Miti miaka mingi, na kila alipokunywa kidogo alirudia maneno yaleyale: asubuhi ya kiangazi, ukisimama juu ya Kahuzi, unaliona ziwa Kivu lote, na kisiwa cha Idjwi kimelala katikati kama mtu aliyejifunika blanketi. Nilikua na picha hiyo kichwani. Mlima una mita 3,308, si mchezo kwa mwanamke anayeshinda ameketi kwenye cherehani, kwa hiyo nikasema safari hii sitaenda na raba za sokoni. Nitakodi viatu vya kweli. Ndipo mtu akanielekeza kwa bwana yule.

Siku ya kukodi alikuwa asali. "Mama karibu, ikala." Akanitolea jozi mbili, yangu na ya wifi, ndani ya maboksi yake, na karatasi laini bado zimo. Ngozi inang'aa, kamba hazina hata uzi uliochomoza. Nikauliza kama ni vya zamani. "Mama, ilivaliwa tu mara mbili, na muzungu moja. Tangu pale iko ndani ya karto." Nilifurahi kusikia hivyo! Leo nikikumbuka najicheka mwenyewe. Dola 15 kwa kila jozi, na garanti ya dola 40 juu yake, ya kurudishiwa viatu vikirudi. Akazichukua noti zangu, akazielekeza kwenye dirisha moja baada ya nyingine, akairudisha ya 20 kwa sababu ilikuwa na mpasuko mdogo pembeni, mdogo kuliko ukucha wa mtoto. Nikatafuta nyingine. Mtu aliyeikagua pesa yangu namna ile alinipa viatu ambavyo mimi sikuvikagua hata kwa kidole, na hapo kosa ni langu, nalikubali.

Kodi yake ya mabegi pia tulilipa, mawili, nitayarudia mbele.

Tshivanga tulifika jua halijapanda. Habari za malipo na kuandikishwa siziandiki, ziliisha upesi na wale walinzi walikuwa watu wa adabu. Kiongozi wetu wa njia, mzee mwembamba mwenye panga, alikuwa amevaa bote, zile bote nyeusi za mpira za kulimia bondeni. Akatutazama miguuni mmoja mmoja. Kwa vijana wenye raba za shule hakusema kitu. Kwangu akasimama.

"Mama, hii viatu inajuaka matope?"

Nikamjibu kwa majivuno kwamba ni viatu vya mlima. "Sawa," akasema, "siye tunapandaka na bote." Akageuka, akaanza kutembea.

Haikufika saa moja. Kwanza nikasikia mguu wa kulia unapiga kofi: pa, pa, pa. Nikadhani ni jani limenasa. Nikainua mguu, nikaona kisigino kimefunguka kama mdomo wa samaki, na ndani yake hakuna gundi wala uzi, ni unga tu. Unga wa kijivu, kama keki iliyosahaulika kabatini. Wifi akaanza kunicheka. Hakumaliza cheko lake, na chake cha kushoto kikatoa soli nzima, ikabaki nyuma yake njiani imelala kama kandambili ya mtu.

Mzee wa panga hakucheka. Akatoa mfukoni vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, vile vya kwa kwado, fundi wa matairi, akaifunga miguu yetu kwa kuzungusha kama anayefunga mzigo wa kuni. Alifanya kwa upole mno, akiniita "mama yangu" kila anapokaza fundo. Kama kuna mtu wa kusifiwa katika maandishi haya ni yeye, na hakuna aliyemlipa kwa kazi ile. Mipira ilishika mpaka tulipoingia ndani kabisa ya mianzi.

Asiyeijua mianzi ya Kahuzi asifikirie ua wa nyumba. Imesongamana, inainama juu ya kichwa, mwanga unakuwa wa kijani, na chini ni matope meusi yasiyokauka hata katikati ya kiangazi. Hapo nilikanyaga mahali palipoonekana pagumu. Mguu ukazama hadi katikati ya goti. Nikauvuta. Mguu ukatoka, ngozi ya kiatu ikatoka, soli haikutoka. Niliingiza mkono hadi kwenye kiwiko, mimi mama mzima, napapasa tope la hifadhi ya taifa natafuta soli ya mtu, huku mume wangu akiniambia niache na mimi nikimwambia kuna garanti. Sikuipata. Hatua chache mbele na ya kushoto ikafuata. Nikawa natembea juu ya kitambaa cha ndani, kila mzizi nauhisi.

Tukasimama. Mzee akasema juu zaidi ni mawe na baridi, kwa miguu ile hapana. Walinzi walikuwa wawili, kwa hiyo tukagawanyika: vijana, mume wangu na mdogo wangu wakaendelea na mzee na mlinzi mmoja, mimi na wifi tukarudi na yule mwingine. Nilikwisha kuona kwa mbali mianzi inakwisha na mwanga mweupe unaanza. Sitasema nililia. Wifi ndiye anayesema nililia.

Tshivanga tulikaa saa nyingi tukila mayai ya kuchemsha. Kunyesha kulianza, kiangazi hicho hicho, maana mlima ule haufuati kalenda ya mtu. Walipotoka msituni wamepakwa tope hadi masikioni, binti yangu alinikimbilia: "Mama, tumeliona ziwa!" Akanionyesha simu. Ukungu, ukungu, kichwa cha binamu yake, ukungu, na katika picha moja mstari mwembamba unaong'aa kama kijiko. Ndilo hilo. Idjwi siioni mpaka leo hata nikiikuza picha.

Kufikia hapo, niamini, sikuwa na hasira na bwana wa viatu. Kitu huharibika. Nilipanga kumrudishia ngozi zake, nimwambie yaliyotokea, anipe hata nusu ya garanti, tuagane. Jumatatu nikaenda. Nilikuwa nimeziosha, nimezikausha, nimezirudisha ndani ya maboksi yake na karatasi zake laini.

Akafungua boksi, akaingiza mkono, ukatokea upande wa pili.

"Soli iko wapi?"

Nikamweleza. Akasikiliza huku anatazama mlangoni kama anayesubiri mteja wa maana. Kisha akasema, na maneno haya nayakumbuka kama sala: "Mama, ulienda na viatu, unaniletea ngozi." Nikasema soli zimevunjika zenyewe, hata saa moja haikutimia. "Ile viatu haina shida. Shida njo miguu ya bamama, inakanyagaka nguvu." Kulikuwa na vijana wawili dukani. Wakacheka. Nikaomba garanti. Akaniambia garanti ipo, haijaenda popote, nimletee soli zote nne, zangu mbili na za wifi mbili, nami atanipa dola zangu. Leta soli! Nirudi Kahuzi, niliombe tope!

Mtu aniambie viatu ni vibovu, nitavumilia. Aniambie uzito wangu mbele ya watoto wa watu, kwa sauti ile, hapana. Kwa hiyo, kama unaniuliza uende kwake au usiende: usiende. Hata kamba ya kiatu usikodi kwake.

Lakini kuna jambo nimelijua baadaye, na haki inanilazimisha nilieleze. Soli mbili za wifi tulikuwa tumeziokota njiani, moja nzima na moja nusu, na nilipoenda kwa yule bwana asubuhi ile zilikuwa nyumbani kwa wifi, hakuna aliyekumbuka. Ile nusu niliipeleka kwa fundi viatu wangu wa Kadutu. Akaiminya kwa ukucha, ikapukutika mezani. "Dada, hii siyo gundi imeachia. Ni soli yenyewe imeoza." Binti yangu akatafuta kwenye intaneti, na kumbe ni kitu kinachojulikana: viatu vingi vya milima vina tabaka laini katikati ya soli, la poliuretani, na tabaka hilo linaliwa polepole na unyevu wa hewa. Linaoza hata kiatu kikiwa hakivaliwi, hata kikiwa kimefungwa ndani ya boksi. Kwa nje huoni kitu. Miaka inapita, ngozi inang'aa, na siku unayokanyaga, chini kunamwagika. Na sisi hapa kando ya ziwa, unyevu tunao wa kugawa.

Maana yake "vimetunzwa vizuri" ni kweli tupu. Alivitunza mpaka vikafa. Inawezekana kabisa naye hakujua, alinunua akiba yake kwa mgeni aliyekuwa anaondoka akaona amepata mali. Nilipofika kwenye wazo hilo nilikaribia kumsamehe. Basi, ukikodi kwa yeyote, kabla hujatoa noti yako minya ubavu wa soli kwa kidole gumba kwa nguvu, kikunje kiatu, uangalie kama kuna nyufa ndogo au unga. Kikikataa kurudi kama kilivyokuwa, kiache. Au nunua bote za mpira tu, kama mzee wa panga, uokoe uso wako.

Na mabegi, nilisema nitayarudia. Mabegi yake, lazima niseme, ni mazuri. Mvua ile ya kurudi ilinyesha juu yake na mkate ndani ulibaki mkavu, mikanda haikuniumiza bega, hata zipu zilikuwa zinatii. Kwa mabegi ningerudi kwake kesho. Ndiyo, najua nimetoka kuandika usikodi kwake hata kamba. Kodi begi basi. Kodi begi, lipa, usizungumze naye.

Nilikuwa nakusudia kuishia hapo, kwa wema. Kisha nikafungua tena ile status ili nihakikishe bei, nikaona ameongeza mstari mpya chini ya picha: "Havifai kwa watu wazito."

Basi. Wema umekwisha. Usiende, si kwa viatu, si kwa mabegi, si kwa kuuliza saa.

Ile soli nzima ya wifi niliiomba, ninayo mimi. Nimeifanya kizuizi cha mlango wa jikoni, upepo wa ziwa ukivuma mlango haupigi. Akiitaka aje aichukue, nyumbani wanamjua jina. Aje na dola 40, zisizo na mpasuko.