Gluvit kwenye boti ya alumini inayovuja: oneni inavyozama kwenye riveti

Tazama hapa kwanza kabla sijaongea sana. Riveti, hivi vipini vya chuma vinavyoshikanisha mabati ya boti, ile ya tatu kutoka kona ya nyuma, unaona hilo tone? Linakua... linakua... limedondoka. Video hii nilichukua jana. Hiyo riveti imenisumbua miaka 2, kila nikitoka kuvua samaki wa walleye hapa Minnesota, Marekani, narudi soksi zimelowa, sasa leo nina Gluvit, epoksi ya majimaji ya kuziba mianya ya boti, tuone.

Karibuni chaneli. Mambo ya epoksi ni nini nayaruka, mnayajua, mikebe 2, fuata kipimo kilichoandikwa. Mimi nataka muone kitu kimoja tu, inavyotiririka.

Ngoja nisogeze kamera. Boti ni ya futi 14, ya riveti. Jana niliitia maji ndani, inchi chache tu, msijaze jamani, lita 1 ni kilo 1 na trela itapinda, halafu nikalala chini na maka peni nikaweka alama kila palipotoa jasho, zikafika 11. Leo pamekauka kabisa, nimesugua, nimepangusa na asetoni ikapeperuka yote, ndio nikapasha moto kidogo na draya ya nywele. Sasa napaka kwa ndani... ona! Brashi nimeshaiondoa na bado inaingia yenyewe, inazunguka kichwa cha riveti inazama kama asali kwenye chapati ya moto. Narudia na hii nyingine, angalia ukingo... imeingia! Hapo ndipo imenivutia, kwa sababu mwanya wa riveti ni mwembamba sana, silikoni haiingii, inakaa juu tu halafu inabanduka. Niliwahi kupaka silikoni na nimeshinda siku 2 nikiikwangua, maana ikibaki hata kidogo epoksi haishiki.

Najua mtaniuliza 3M 5200, ile gundi ya boti. Inashika kwa nguvu sana ile, kwa kuunganisha vitu sina neno, lakini ni nzito, haizami hivi. Na riveti ikiwa inacheza ukiigusa, usipoteze hela kuipaka, mmoja ashike chuma kizito upande mmoja mwingine agonge nyundo, ikaze kwanza.

Bei inauma, siwafichi. Na jua linaila epoksi, kwa hiyo lazima uipake rangi juu, hapo nimeipunguzia maksi.

Sasa njooni huku nyuma, hapa nimekasirika kweli. Huu unga mweupe na vitundu havitokani na riveti. Mwenye boti wa kwanza aliweka ubao uliotiwa dawa yenye shaba, na shaba ikilowa ikiwa imegusana na alumini inaitafuna. Ndio maana hata rangi ya shaba ya kuzuia magugu usiipake boti hizi, na senti ikidondoka ndani iokote. Ubao nimeung'oa wote.

Aliyeuliza anodi wiki jana, kile kipande cha chuma kinachofungwa kwenye boti kiliwe na kutu badala yake: maziwa ya maji baridi funga magnesiamu, wewe wa Kilifi baharini weka zinki au alumini, magnesiamu itaisha upesi. Lakini inafanya kazi ikiwa majini tu, boti inayolala kwenye trela kama yangu haifaidi sana. Wa huku kwenye barafu, toeni kizibo cha kutolea maji na muinue pua ya boti kabla ya baridi, maji yakiganda kwenye maungio yanatanuka na kuyafungua.

Ikishakauka vizuri naimwagia maji tena tuhesabu zile alama 11, naweka video bila kukata.