Katriji ya STRAT4: jeni nne za saratani ya titi kwenye GeneXpert

Mashine ya GeneXpert, ambayo Uganda tunaijua kwa kupima kifua kikuu, inaweza pia kupima uvimbe wa titi ikipewa katriji (kikasha kidogo cha kupimia) ya Xpert Breast Cancer STRAT4 ya Cepheid. Haipaki slaidi rangi kutafuta protini, kama maabara zilivyozoea. Inapima mRNA (nakala ya ujumbe wa jeni) ya ESR1 na PGR (vipokezi vya homoni), ERBB2 (jeni ya protini ya HER2) na MKi67 (kasi ya ukuaji wa uvimbe), na CYFIP1 ni ya kulinganishia.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Kata utando wa mikroni 4 kutoka bloku ya nta (nyama ya uvimbe iliyohifadhiwa ndani ya nta), tia mililita 1.2 za dawa ya kuyeyushia na mikrolita 20 za proteinasi K (kimeng'enya kinachomeng'enya protini), pasha nyuzi 80 kwa dakika 30, ongeza mililita 1.2 za ethanoli ya asilimia 95, tikisa, kisha mimina mikrolita 520 kwenye katriji.

Balaa huanzia thieta, chumba cha upasuaji. Fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama, hupenya polepole, kwa hiyo titi zima likitumbukizwa kwenye ndoo bila kuchanjwa, katikati huoza na mRNA hukatika. Hapo CYFIP1 huchelewa kuonekana na mashine hukataa kutoa jibu (afadhali hivyo kuliko jibu la uongo). Chanja titi ndani ya saa moja, tumia fomalini ya asilimia 10 yenye bafa, na lisikae humo chini ya saa 6 wala zaidi ya 72.

Mtego wa pili ni saratani ambayo bado imo ndani ya mifereji. Mara nyingi hiyo huwa na HER2 tele, na ikichanganyika na ile iliyopenya nje, jibu la ERBB2 hudanganya na mgonjwa huanzishiwa trastuzumabu, dawa ya bei ghali ya kupambana na HER2, bila sababu. Mpatholojia aweke alama kwanza kwenye slaidi palipo na saratani iliyopenya; mkwangue sehemu hiyo tu.

Majibu ya ESR1 na ERBB2 yanaaminika. MKi67 hailingani na usomaji wa hadubini kwa kiwango hicho, ingawa hata wasomaji wawili wa hadubini hawakubaliani sana. Usiamulie kemo (dawa za kuua seli za saratani) kwa hiyo peke yake.

Tena STRAT4 isichanganywe na Oncotype DX, kipimo cha kutabiri kurudi kwa ugonjwa, chenye jeni 21 na alama 0 hadi 100, kinachopimwa California kwa maelfu ya dola. STRAT4 haitabiri kurudi kwa ugonjwa; inasaidia kuchagua kati ya tamoksifeni (dawa ya kuzuia homoni), trastuzumabu na kemo. Hospitali isiyo na upakaji rangi wa kuaminika inunue. Yenye upakaji mzuri iiweke kwa slaidi zenye utata.