Starlight, gwaride la taa la Magic Kingdom: ukienda na watoto, jioni yote ipangwe kulifuata

Kwa wale mnaouliza kama kweli inafaa kuwakalisha watoto mpaka usiku kwa ajili ya gwaride pale Magic Kingdom, bustani ya burudani ya Disney iliyoko Florida, Marekani, jibu langu ni ndio, inafaa, tena sana. Ila lisiwe kitu cha kukutana nacho tu mkiwa mnaelekea getini, maana hapo mtoto ana njaa, miguu inamuuma, mbele yake ni migongo ya watu wazima na anachoona ni ncha za taa kwa juu, halafu mnarudi hotelini mnasema mbona la kawaida tu. Sio la kawaida jamani. Ni wewe ulipo ndio panakunyima.

Historia kidogo, kwa sababu inaeleza kwanini watu wanajaa vile. Lile gwaride la zamani la taa, Main Street Electrical Parade, lilianza Disneyland kule California mwaka 1972, likafika Florida 1977, likawa linaondoka na kurudi, na mara ya mwisho kupita Magic Kingdom ilikuwa Oktoba 2016. Baada ya hapo karibu miaka 9 siku za kawaida hakuna gwaride la usiku pale, fataki tu, mpaka Starlight lilipoanza tarehe 20 Julai 2025. Kwahiyo ukikaa pembeni ya barabara utaona akina mama na akina baba wamesisimka kuliko watoto wao, wengi walilelewa na lile la zamani na sasa ndio zamu ya kuwaonyesha wanao.

Lenyewe likoje? Magari yote yamevikwa taa kuanzia chini mpaka juu na yanabadilika rangi kufuata muziki, wachezaji nao nguo zao zinawaka, na kati ya gari na gari wanacheza pale pale chini usawa wa mtoto aliyekaa. Elsa na Anna wa filamu ya Frozen wapo, Mirabel wa Encanto yupo, Peter Pan yupo. Kilichonigusa mimi ni kwamba wanaangalia watoto machoni na kuwapungia mkono mmoja mmoja, na mtoto wa miaka minne akipungiwa na mtu anayewaka taa mwili mzima usiku, huyo hasahau. Fataki ni nzuri sana lakini ziko mbali huko juu na zinalia, kuna watoto wanaziba masikio na kulia nao. Gwaride halina mshindo wa kumshtua mtu hivyo. Kwa familia yenye wadogo chini ya miaka mitano, nikiambiwa nichague kimoja nachagua gwaride bila kufikiri mara mbili.

Haya, mipango. Asubuhi fungua apu ya My Disney Experience uangalie saa za siku hiyo, siku nyingi linapita mara mbili, la kwanza giza likishaingia na la pili baadaye sana, halafu hesabu kurudi nyuma kutoka hapo. Mchana watoto walale, kama hoteli iko karibu rudini, kama iko mbali basi tafuteni sehemu yenye kiyoyozi mkae kimya. Hii ndio hatua watu wanairuka na ndio inayoharibu jioni, mtoto ambaye hajapumzika saa moja usiku hana hamu ya kitu chochote hata umletee nini.

Chakula cha jioni kuleni mapema, mnaagiza kwa apu hiyo hiyo kabla hamjafika kaunta ili msikae foleni. Napenda mgahawa wa Columbia Harbour House uliopo Liberty Square, moja ya sehemu za ndani ya bustani, wana samaki na kamba, kuna viti ghorofani ambako watu wengi hawapandi, na ukitoka tu mlangoni uko kwenye upande ambao gwaride linapita. Ukitaka maji ya baridi ni bure, omba kikombe kwenye migahawa ya kaunta. Chakula chenu mnaruhusiwa kuingia nacho, ila sio pombe, chupa za kioo wala barafu ya vipande. Kutoka hapo vyoo vizuri viko pale kwenye mnara wa Rapunzel, kuna na sehemu za kukaa na kuchaji simu, na simu itakuwa imekufa muda huo niamini.

Sasa pa kukaa. Gwaride linaanzia sehemu ya Frontierland, linapita Liberty Square, linazunguka ule uwanja mbele ya ngome ya Cinderella, na kumalizia Main Street, ile barabara inayoelekea getini. Karibu kila mtu anakimbilia Main Street kwa sababu ukikaa pale unapata ngome na fataki kwa mkupuo mmoja, na kama watoto wenu ni wakubwa wanavumilia kusubiri, sawa kaeni huko. Lakini wenye wadogo nendeni Liberty Square au Frontierland. Fataki hamtaziona vizuri, ndio, ila watu wamepungua, mnapata mstari wa mbele bila kuwahi mno, mnatandika kanga mnakaa chini, na mtoto ana nafasi hata ya kusimama na kucheza. Mzazi mmoja akae na nafasi, mwingine awatembeze watoto, msikae wote mmeganda hapo.

Kitu kingine, barabara ikishafungwa kwa kamba kuvuka inakuwa shida, kwahiyo chagueni upande ambao ndio mtatokea. Fimbo za selfi haziruhusiwi kabisa. Na wauzaji wa vitu vya kuwaka taa watapita mbele ya macho ya watoto dakika zote za kusubiri, bei zao ziko juu, nunueni vidude vya taa dukani kabla ya safari mtoe pale pale, mtoto anafurahi vilevile.

Kama watoto wana nguvu bado, gwaride la pili ndio tamu zaidi kwangu, wengi wameshaondoka baada ya la kwanza na fataki, unapumua. Na wakati la kwanza linapita foleni za michezo zinakuwa fupi, mnaweza kuutumia muda huo kupanda vitu.

Bei, gwaride lenyewe halina malipo ya ziada, liko ndani ya tiketi ya siku, na mtoto chini ya miaka 3 hahitaji tiketi. Hapo nawapa nyota tano. Nyota moja napunguza kwa msongamano wa kutoka, kwa sababu mwenye gari hatoki tu getini akaondoka, lazima avuke ziwa kwa feri au alizunguke kwa treni ya monorail mpaka kwenye maegesho. Mimi nashauri feri, inabeba watu wengi kwa mpigo na watoto wanapigwa na upepo. Au msitoke na wimbi, kaeni nusu saa Main Street mtazame maduka.

Mawili ya kuangalia kabla hujakata tiketi. Kiangazi cha Florida mvua na radi za jioni ni kawaida na gwaride linaweza kuchelewa au kufutwa, kwahiyo kama mna siku mbili za Magic Kingdom lipangieni usiku wa kwanza, likifutwa bado mna wa pili. Na kuanzia Agosti mpaka Desemba kuna usiku wa sherehe za Halloween na Krismasi zenye tiketi yake ya peke yake, siku hizo mwenye tiketi ya kawaida anatolewa saa kumi na mbili jioni na Starlight halipiti kabisa. Kalenda ya sherehe iko kwenye tovuti yao, linganisheni na tarehe zenu kwanza.