Mafuta ya karafuu kwa utangotango: yamenifaa, ila si kwa mafuta ya nazi

Kichupa changu nilikinunua Darajani, Unguja. Ni mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, ya kahawia, makali, harufu yake inajaza chumba. Niliyataka kwa ajili ya utangotango, yale madoa meupe ya fangasi, wa mgongoni na kifuani, ule unaonirudia kila joto la Desemba na Januari likianza.

Fangasi wake, Malassezia, yumo kwenye ngozi ya kila mtu. Joto na jasho vikizidi, huzaliana kupita kiasi, na chakula chake ni mafuta. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Muuzaji alinishauri nichanganye na mafuta ya nazi, kama wanavyoshauri karibu watu wote. Nilikataa. Mafuta ya nazi yamejaa asidi ya lauriki, aina mojawapo ya asidi za mafuta, na fangasi huyu huishi kwa asidi za namna hiyo. Ni kumpiga huku unamlisha.

Mimi nilitumia mafuta ya watoto ya parafini (baby oil, si mafuta ya taa), ambayo hawezi kuyala: matone matatu ya karafuu kwenye vijiko viwili vikubwa. Usiongeze. Sehemu kubwa ya mafuta haya ya karafuu ni kemikali iitwayo yugenoli, na ukiipaka bila kuizimua inaunguza ngozi. Jaribu kwanza padogo kwenye mkono, usubiri hadi kesho yake. Usoni na kwa watoto wachanga, hapana kabisa.

Nilikuwa naoga jioni, najikausha vizuri, napaka. Muwasho uliondoka mapema. Ule unga unaotoka ukikwaruza ulipungua taratibu hadi ukakoma. Madoa meupe yalikaa sana, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakaacha. Fangasi hufa kwanza, rangi hurudi baadaye, pengine baada ya miezi. Angalia unga, usiangalie rangi.

Kwa mba wa kichwani sikuona tofauti ya maana. Huko naona afadhali mafuta ya tea tree, mti wa Australia: shampuu yenye asilimia 5 ya mafuta yake ilijaribiwa kwa watu 126, na matokeo yaliyotolewa 2002 yalionyesha mba ukipungua kwa asilimia 41, dhidi ya 11 kwa waliopewa shampuu isiyo na dawa.

Utangotango ukishaenea mwili mzima, nenda famasi ukachukue ketokonazoli, dawa ya fangasi. Karafuu mimi sasa naitumia msimu wa joto tu, mara mojamoja, usinirudie. Na mafuta yenyewe yahifadhi kwenye chupa ya kioo cheusi, maana hulainisha baadhi ya plastiki.