Kuangalia tenisi ya Doha ukiwa Kigoma: uzoefu wangu

Anayefuatilia tenisi ya akina dada akiwa Kigoma adui yake ni saa. Melbourne wanaanza saa tisa usiku kwetu, na mechi za usiku za New York zinaanza saa nane, jogoo wa kwanza hajawika. Mashindano ya Qatar, yanayochezwa Doha kila Februari, hayana mateso hayo. Saa yao ndiyo saa yetu. Tofauti ni jua tu: kule taa za uwanja zinawashwa huku Ujiji bado kweupe, jua halijakaribia hata milima ya Congo.

Mwaka 2025 nililipia kifurushi cha michezo cha king'amuzi, na simu ikawa akiba. Kwenye runinga picha haina lawama. Uwanja wa Doha ni wa sakafu ngumu, wa wazi, mpira unadunda sawasawa na kwa kasi, kwa hiyo anayepiga kwa nguvu analipwa papo hapo. Utamu zaidi ni upepo wa kule. Mchezaji anarusha mpira juu aanzishe, upepo unausogeza, anaudaka na kuanza upya. Mimi hapo ndipo ninapojua nani ana moyo.

Robo fainali iliniuma, maana Ons Jabeur wa Tunisia, Mwafrika mwenzetu, alitolewa na Jeļena Ostapenko. Nusu fainali Ostapenko huyohuyo akamvaa Iga Świątek, aliyebeba kombe hilo mara tatu mfululizo, 2022 hadi 2024, akamfunga 6-3, 6-1. Jirani yangu, mtu wa mpira wa miguu tangu azaliwe, alikaa kimya seti nzima kisha akauliza, "Huyu binti ana hasira na nani?"

Simu sasa. Mtandao ukilegea, picha inafifia, na mpira wa tenisi ulivyo mdogo unapotea kabisa. Unabaki kuangalia watu wawili wanakimbizana na hewa. Bando nalo linaondoka kama samli juani. Simu iwe ya kuangalia matokeo tu.

Kibandani pia usitegemee. Fainali iliangukia Jumamosi, na Jumamosi rimoti ni mali ya Ligi Kuu ya Uingereza. Niliomba gemu mbili tu, nikaambiwa nikanunue kibanda changu. Nikarudi nyumbani, nikamwona Amanda Anisimova akimmaliza Ostapenko 6-4, 6-3. Kwa alivyokuwa akiurudisha mpira kwa mkono wa nyuma, kifurushi kilijilipa siku hiyo.

Ninachodai kwa wenye chaneli ni mtangazaji wa Kiswahili. Mpira wa miguu wameuweza, tenisi wanaiacha kwa Kiingereza, na mama yangu anayeipenda kuliko mimi anaangalia sauti ikiwa imezimwa. Kwa anayetaka kujaribu, alipie mwezi wa Februari peke yake, maana Doha ikiisha Dubai inafuata hapohapo, na kule wametutangulia saa moja tu.